UZI: Ahadi ya laptopu na shule za upili zilizoachwa nje

1/ Mjadala wa elimu ukifika kwa teknolojia, lazima mtu aulize, "Na zile laptopu zilienda wapi?" Swali ni poa, lakini halitoshi. Turudi nyuma kidogo.

2/ Uchaguzi wa 2013, ahadi ilikuwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. 2014 zabuni ikabatilishwa. Kufika 2016 laptopu zimegeuka vishikwambi, vikapelekwa shule za msingi za umma. Shule za upili hazikuwa kwa huo mpango.

3/ Machi 2020, korona ikafunga shule. Masomo yakahamia redio, TV na intaneti. Mwenye simu na bando akaendelea. Wengi wakangoja mpaka shule zifunguliwe kikamilifu Januari 2021.

4/ Sasa piga hesabu. Aliyeingia darasa la kwanza 2014, kama hakurudia darasa, alifanya KCSE 2025. Yeye kamaliza shule, sisi bado tunabishana kuhusu idadi ya vifaa.

5/ Kifaa peke yake hakifundishi. Kinataka stima, intaneti, fundi, na mwalimu wa baiolojia anayejua kukitumia kwa somo lake. Hizo gharama hurudi kila mwaka, na hakuna anayeitwa kuzikatia utepe.

6/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi vifaa, usiishie kuuliza ni vingapi. Muulize: vikiharibika mwaka wa tatu, pesa ya kuvitengeneza iko kwa bajeti gani?