APOCALYPTO: Steringi Kakimbia, Historia Ikabaki Nyuma

Mtajie Apocalypto mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza. Hataanza na habari za steringi. Ataanza na ule moyo. Jamaa kapakwa rangi ya bluu mwili mzima, kalazwa chali juu ya jiwe kileleni mwa piramidi, wanne wamemkamata mikono na miguu, kuhani anashusha kisu, anautoa moyo ukiwa bado unadunda na kuwaonyesha watu. Kisha kichwa kinaporomoka ngazi kwa ngazi mpaka chini, na umati unashangilia kama timu yao imesawazisha dakika ya tisini.

Muvi ilitoka Desemba 2006. Aliyeiongoza ni Mel Gibson, na ilichezwa kwa Kimaya cha Yucatán mwanzo mwisho. Kwa hiyo Mmarekani aliyelipa tiketi kule Los Angeles na dogo aliyekaa mbele ya TV ya kichogo pale Manzese walikuwa kwenye boti moja, wote hawaelewi kitu bila msaada. Mmarekani alisoma maandishi ya chini. Dogo alimsikiliza mtafsiri wa mkanda, ambaye naye aliongeza vikorombwezo vyake mpaka wale wawindaji wa msituni wakaongea kama mateja wa Kariakoo.

Hadithi yenyewe haina mambo mengi. Kijana mwindaji anaitwa Jaguar Paw, ana mke mjamzito na mtoto mdogo. Kijiji kinavamiwa alfajiri, anamficha mke na mtoto kwenye shimo, baba yake anachinjwa mbele ya macho yake, yeye anafungwa kwenye mti na wenzake na kuswagwa hadi mjini. Wanawake wanauzwa sokoni, wanaume wanapandishwa piramidi. Anaponea kwenye tundu la sindano, anachomoka, na kuanzia hapo ni mbio tu. Chui, maporomoko ya maji, nyigu, sumu ya chura. Kwa upande wa kukimbizana, muvi hii bado haijapata mpinzani wa kweli, na anayesema inachosha labda aliiangalia huku anachati.

Ila kila ikiisha, mabishano huwa yale yale. Walikuwa kweli hivyo? Upande mmoja unasema wale jamaa walikuwa makatili, ndiyo maana wakaisha. Upande wa pili unasema Wazungu wamewasingizia tu, Wamaya walikuwa watu wa nyota na hesabu, hakuna cha damu wala nini. Pande zote mbili zimepotea njia.

Damu ilikuwepo. Pale Chichén Itzá, kaskazini mwa rasi ya Yucatán, kuna kisima kikubwa cha asili, shimo la maji lenye kuta za mawe zilizosimama wima. Watafiti walipozama na kuchimbua tope la chini walikuta dhahabu, mawe ya thamani na mifupa ya watu, wakiwemo watoto. Walikuta pia tabaka nene la tope la bluu, rangi ile ile ya kwenye muvi, ambayo Wamaya waliitengeneza kwa kuchanganya majani ya nili na udongo maalumu, na ambayo ilipakwa kwenye vitu na watu waliotolewa kafara. Hapo Gibson hakubuni.

Na mwaka 2024 likaja jingine zito zaidi. Wanasayansi walitangaza matokeo ya vinasaba vya watoto 64 ambao mifupa yao ilipatikana mwaka 1967 kwenye shimo la chini ya ardhi karibu na kisima hicho. Wote 64 walikuwa wavulana. Wengi wao walikuwa na miaka kati ya 3 na 6. Wengine walikuwa ndugu wa damu, na ndani yao kulikuwa na jozi mbili za mapacha wa kufanana. Mapacha wana nafasi kubwa kwenye hadithi takatifu za Wamaya, kwa hiyo si rahisi kuamini kwamba waliingia mle kwa bahati mbaya. Hakuna muongozaji wa Hollywood aliyethubutu kuigiza hilo.

Kwa hiyo anayesema hakukuwa na kafara, hapana. Tatizo la muvi liko kwingine: nani alikuwa anauawa, na kwa nini.

Ule msururu wa wanakijiji wasio na jina wanaopandishwa mmoja baada ya mwingine, vichwa vinashuka kama nazi, unafanana zaidi na habari za Waazteki wa Tenochtitlan, mji ambao leo juu yake limekaa jiji la Mexico. Hao ni watu wengine, wenye lugha nyingine, mbali kabisa na nchi ya Wamaya. Kwa Wamaya wa enzi za dhahabu, mateka aliyetafutwa hasa hakuwa mkulima wa kijijini. Alikuwa mkubwa mwenzako. Mtoto wa mfalme, jemadari, ikiwezekana mfalme mwenyewe. Na hawakumficha jina. Kwenye mawe yaliyochongwa, mateka anaonekana kapigishwa magoti, kamba shingoni, na jina lake limeandikwa hapo hapo, mara nyingi pajani. Sifa yote ya mshindi ilitegemea jina hilo. Ukikamata mtu asiyejulikana, utajisifia nini?

Kisa cha mwaka 738 kinatosha kuwa muvi peke yake. Mji wa Copán, ulioko Honduras ya leo, ulikuwa na mfalme aliyetawala zaidi ya miaka 40. Watafiti walimpachika jina la utani la Sungura 18 kabla hawajajua kusoma jina lake vizuri. Jina lenyewe ni Waxaklajuun Ubaah K'awiil. Alikuwa mtu wa sanaa, sanamu alizoagiza zichongwe bado watu wanapanda ndege kwenda kuzishangaa. Chini yake kulikuwa na kamji kadogo ka Quiriguá, na mtawala wa kale kamji alisimikwa na Sungura 18 mwenyewe. Yaani kijana wake. Kijana huyo akamgeuka, akamkamata, akamkata kichwa. Baada ya hapo Quiriguá ikatajirika ghafla ikaanza kusimamisha minara ya mawe, mmoja una urefu wa zaidi ya mita 10. Copán ikapoa kwa miaka mingi.

Sasa linganisha na Apocalypto. Mfalme wa kwenye muvi hana jina. Mji hauna jina. Kuhani ni kuhani tu. Watu walioandika majina yao kwenye mawe, kwenye vyungu vya kunywea kakao, hata kwenye mapaja ya maadui, wanapewa muvi ya zaidi ya saa mbili na mji wao unabaki kama mji wa majini.

Halafu kuna ile ya kupatwa kwa jua. Giza linaingia, umati unapiga kelele, kuhani anasema mungu ameridhika. Hapa watu wengi humlaumu Gibson kwamba kawafanya Wamaya mabwege wa nyota, lakini ukiangalia kwa makini, kuhani na mfalme wanatazamana kwa jicho la "tulijua hili". Haki yake apewe. Moja ya vitabu vya Wamaya vilivyobaki, kinachohifadhiwa Dresden, Ujerumani, kina jedwali la kukadiria siku ambazo jua linaweza kupatwa na jingine la kufuata nyota ya Zuhura. Walikuwa na alama ya sifuri na kalenda mbili zinazozunguka pamoja, ya siku 365 na ya siku 260. Kwenye muvi elimu yote hiyo imebaki kwenye kutazamana kwa sekunde mbili.

Sehemu ambayo jamaa alipatia kweli wengi huipita bila kuiona. Kabla mateka hawajaingia mjini wanapita kwenye machimbo, watu wameloa vumbi jeupe mpaka kope, wengine wanakohoa damu. Ile ni kazi ya chokaa. Piramidi na viwanja vya Wamaya vilipakwa lipu ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, na ili upate chokaa lazima uchome mawe kwa moto mkali, na moto unataka kuni, na kuni ni msitu. Mwanaakiolojia aliyeshauri kwenye muvi hii amechimba miaka mingi El Mirador, mji mkubwa wa Guatemala uliohamwa takriban mwaka 150 baada ya Kristo, na yeye anaamini tamaa ya chokaa ilichangia kuuangusha.

Shida ni kwamba El Mirador ni ya zama hizo. Mahekalu marefu yanayofanana na yale ya kwenye muvi ni ya Tikal, karne ya 8. Na meli zinazotokea mwishoni ni za karne ya 16. Gibson kachukua zaidi ya miaka 1,300 akaipiga blenda, akatoa juisi ya siku chache. Ukweli ni kwamba Wahispania walipotia nanga, Tikal ilikuwa imeshamezwa na msitu kwa karne nyingi. Miji ya kusini ilianza kuhamwa miaka ya 800. Jiwe la mwisho linalojulikana lenye tarehe ya kalenda yao ndefu ni la mwaka 909, kutoka Toniná. Tope la chini ya ziwa Chichancanab linaonyesha kwamba kipindi hicho kulikuwa na ukame mkali uliorudi tena na tena. Ongeza vita vya wafalme na midomo mingi ya kulisha. Watu hawakuyeyuka. Walihama, wakajenga kaskazini, wakaendelea na biashara ya chumvi, asali na pamba kwa mitumbwi.

Na hapo ndipo penye mchezo wa hatari. Muvi inaanza na maneno ya mwanahistoria Will Durant, kwamba taifa kubwa huwa limejiua lenyewe ndani kabla ya mgeni kuja kuliangusha. Inamaliza na meli za Wahispania, padri na msalaba vikiwa kwenye boti. Kati ya hayo mawili unaonyeshwa saa mbili za watu wanaochinjana. Mtazamaji anatoka akiwa ameshahukumu: hawa walishajimaliza, waliokuja walikuta maiti.

Maiti gani iliyopigana miaka mia na sabini? Mwaka 1502 Columbus alikutana na mtumbwi mkubwa wa biashara karibu na pwani ya Honduras, umejaa nguo, shoka za shaba na kakao. Mwaka 1511 meli ya Wahispania ilivunjika na wachache wakafika ufukweni Yucatán. Mmoja wao, Gonzalo Guerrero, alioa kwa Wamaya, akachanjwa chale, akazaa. Cortés alipofika mwaka 1519 na kutuma ujumbe wa kuwakomboa, Guerrero aligoma kurudi. Alikuja kufa akipigana upande wa Wamaya dhidi ya Wahispania wenzake. Uvamizi rasmi wa Yucatán ulianza 1527, wakatimuliwa, wakarudi, wakatimuliwa tena. Mérida waliianzisha 1542 tu. Ufalme wa mwisho huru, Nojpetén, kisiwa ndani ya ziwa huko Guatemala, ulianguka Machi 1697. Steringi anaporudi msituni na mkewe pale mwisho, anarudi kwenye msitu ambao Mhispania atauhangaikia kwa vizazi.

Katikati ya vita hivyo, Julai 1562, katika mji wa Maní, padri Diego de Landa aliwatesa watu kwa kosa la kuabudu miungu yao, kisha akachoma vitabu vyao. Vilivyobaki duniani kote ni vinne. Jambo la ajabu ni kwamba Landa huyo huyo aliandika baadaye jinsi Wamaya walivyotamka alama zao, na ni karatasi zake zilizomsaidia Mrusi Yuri Knorozov, mwaka 1952, kufungua njia ya kuyasoma maandishi yale. Aliyechoma maktaba ndiye aliyeacha ufunguo.

Muvi ilipotoka, wanaharakati wa Kimaya wa Guatemala walikuja juu. Nje huko watu walishangaa, muvi tu hiyo, hasira ya nini? Guatemala ilikuwa na vita vya ndani kuanzia 1960 hadi 1996. Ripoti ya tume ya ukweli iliyosaidiwa na Umoja wa Mataifa, mwaka 1999, ilisema watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Mauaji ya halaiki 626 yalibebeshwa majeshi ya serikali na washirika wake, mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vijiji vilizingirwa na kuchomwa moto, wanawake wakabakwa, waliowahi wakakimbilia milimani na watoto mgongoni. Mwanamke wa Kimaya wa miaka 35 aliyeingia ukumbini 2006 anaweza kuwa aliwahi kujificha kwenye shimo la kweli. Halafu anaonyeshwa kijiji kikivamiwa, na mvamizi ni babu yake.

Wamaya leo ni mamilioni, Mexico, Guatemala, Belize na Honduras. Wale watoto 64 wa Chichén Itzá, watafiti walilinganisha vinasaba vyao na vya wakazi wa kijiji cha Tixcacaltuyub, si mbali na pale, wakakuta ukoo ni ule ule. Kimaya cha Yucatán kinaongewa na watu laki kadhaa, sokoni, kwenye daladala za huko, nyumbani wakikanda unga wa mahindi. Siku Apocalypto ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulikuwa unasoma maandishi ya chini. Mama muuza mahindi wa Valladolid, Yucatán, hakuyahitaji. Alichohitaji ni kuvumilia lafudhi ya steringi.