Kubadilisha diski na pedi za breki nyumbani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuteremka Nithi

Na MWANDISHI WETU

DEREVA anayetoka mtaa wa Kinoru mjini Meru kuelekea Embu hana budi kuwa na hakika na breki zake kabla ya kuondoka nyumbani. Barabara kuu inayopitia Nkubu, Igoji, Chuka na Runyenjes hukatiza mabonde ya mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya, na kila bonde lina mteremko wake, kona yake na daraja lake.

Daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka Nithi kabla ya kufika Chuka, ndilo linalojulikana zaidi kwa ubaya. Mnamo Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto huo na watu zaidi ya 30 wakaangamia. Maafisa wa serikali walisema wakati huo kuwa huenda breki zilikosa kufanya kazi.

Gari dogo halina uzito wa basi, lakini kanuni ni ile ile. Gari la kilo 1,100 linaposhuka kimo cha mita 100 huku dereva akilizuia kwa breki pekee, breki hizo hupokea joto linalotosha kuchemsha takriban lita tatu za maji. Joto hilo lote hutuama kwenye diski na pedi kabla ya kupeperushwa na upepo. Diski iliyokwisha kuwa nyembamba hupata moto upesi zaidi, na pedi iliyolika hupitisha joto hadi kwenye pistoni na mafuta ya breki.

Mwenye gari aliye na vifaa na subira anaweza kubadilisha diski na pedi za mbele katika ua wake. Za nyuma ni afadhali azipeleke kwa fundi. Magari mengi madogo yanayotumika humu nchini yana breki za dramu nyuma, na yale yenye diski nyuma huwa na pistoni za kuzungushwa au handibreki ya umeme inayohitaji utaratibu maalumu.

Kwanza ni kupima. Pedi iliyosalia na milimita 3 za kitambaa chake imefikia kikomo, hata kama haijaanza kupiga mluzi. Diski nayo huchongwa kwenye ukingo wake au sehemu ya katikati unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Diski iliyotoka kiwandani ikiwa na milimita 22, kwa mfano, huenda imeandikwa 20. Ipime kwa vernia mahali pedi inapogusa, wala si ukingoni ambako kutu huunda mdomo mnene unaodanganya.

Hapa ndipo wengi hujipunja. Hununua pedi mpya na kuzifunga juu ya diski ya zamani yenye mifereji, au humwachia fundi wa leithi aisawazishe diski bila kuuliza itabaki na unene gani. Diski ikishapungua chini ya kiwango kilichochongwa, kuisawazisha ni kuimaliza. Aidha, diski na pedi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja dereva anapokanyaga breki.

Kuhusu ununuzi, pedi ghushi zingalipo madukani licha ya kuwa Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008. Nenda na pedi ya zamani mkononi uilinganishe umbo, nunua mahali unapopewa risiti, na uwe na shaka na pakiti isiyo na nambari ya aina ya gari.

Kazi yenyewe ifanyiwe mahali tambarare, na katika mitaa ya Meru huenda ukalazimika kupatafuta. Zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, vuta handibreki, legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa bado chini, kisha liinue kwa jeki na uliegemeze juu ya stendi za chuma. Mawe na matofali hupasuka bila kutoa onyo, na jeki ya mafuta ni kifaa cha kuinulia, si cha kushikilia gari lenye mtu chini yake.

Gurudumu likitoka, fungua bolti za kalipa. Katika Toyota nyingi ndogo hizi huwa za spana namba 14, na zile za kishikio cha kalipa namba 17. Ining'inize kalipa kwa waya. Ikiachwa ilewelewe kwa paipu yake ya mpira, paipu hiyo huweza kupasuka kwa ndani mahali ambapo jicho halioni.

Diski iliyoshikwa na kutu haihitaji nyundo. Nyingi zina matundu mawili yenye hesi. Ingiza humo bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, nayo itajisukuma yenyewe. Kabla ya kuweka mpya, sugua kitovu kwa brashi ya waya hadi king'are, kwa sababu chembe ndogo tu ya kutu hapo huifanya diski iyumbe na pedali itetemeke. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, nayo yaondolewe kwa dawa ya kusafishia breki. Vumbi la pedi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe, maana pedi za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto.

Rudisha pistoni ndani taratibu kwa jiriwa ndogo ya mkono, ukichungulia kopo la mafuta ya breki yasije yakafurika. Mafuta hayo hula rangi ya gari. Mafuta haya huvuta unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya sharti istahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini ikishalowa unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. Yanapochemka huzaa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni. Kwa dereva wa milimani, kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo.

Pini za kalipa zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi isiguse diski wala uso wa pedi. Nati za gurudumu zikazwe kwa mpangilio wa msalaba gari likiwa limeshushwa chini. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni Nm 103.

Kisha linafuata jambo ambalo likisahauliwa gari hutoka langoni bila breki: pistoni zimesukumwa ndani, kwa hivyo mkanyago wa kwanza hautashika chochote. Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa hadi iwe ngumu, halafu tazama tena kiwango cha mafuta.

Pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski. Tafuta barabara tulivu, endesha hadi kilomita 50 kwa saa na upunguze taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, urudie mara kumi hivi ukiacha breki zipoe katikati. Fanya hivyo kabla ya safari ya Chuka, na utakapofika mteremkoni tumia giya ndogo injini ikuzuilie gari. Baada ya kilomita 100, angalia tena nati za magurudumu.