Wanawake wa Eureka na Msitu wa Dyerville

Mti mrefu kuliko miti yote ya redwood ukilazwa katika uwanja wa mpira, shina likaanzia goli moja, kilele kitapita goli la pili. Una mita 115 na ushei. Miti hii huota katika ukanda mwembamba wa pwani, kaskazini na katikati ya California na kipande kidogo cha Oregon, ambako ukungu wa bahari huinywesha wakati wa kiangazi mvua ikiwa imekatika. Mingine imetimiza miaka 2,000.

Dhahabu ilipowavuta watu California mwaka 1849, walihitaji nyumba, na nyumba zikahitaji mbao. Mbao ya redwood ni nyepesi, hupasuka vizuri na haiozi upesi. Msitu wa miti hiyo ulikuwa na ekari zipatazo milioni mbili. Sehemu ambayo haijawahi kukatwa leo ni kama asilimia 5 tu.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia barabara mpya ilipenya kusini mwa kaunti ya Humboldt. Ilileta wasafiri waliokuja kushangaa, na papo hapo ikawarahisishia wakataji kazi yao. Miti iliyoishi karne nyingi ilipasuliwa kuwa mataruma ya reli, vigae vya mbao na vijiti vya kuegemeza mizabibu. Kwa vijiti hivyo, msitu ulikuwa unakwisha.

Historia iliyozoeleka huanza na mabwana watatu wasomi, John C. Merriam, Henry Fairfield Osborn na Madison Grant, walioanzisha chama cha Save the Redwoods League mwaka 1918. Haki yao wapewe, lakini isifichwe kwamba Grant huyo huyo aliandika kitabu cha kutukuza watu weupe wa Ulaya ya kaskazini na kuwadunisha wengine. Tena, fedha na majina makubwa ya mbali visingetosha bila watu walioishi jirani na msitu.

Mwaka 1919 wanawake wa mji wa Eureka, katika kaunti hiyo hiyo ya Humboldt, walianzisha chama chao wenyewe cha kuutetea msitu. Mji huo ulikula kwa mbao, na baadhi yao walikuwa wake wa wafanyabiashara wa mbao. Kusema “acheni kukata” kulikuwa ni kugusa sufuria ya nyumbani. Kiongozi wao, Laura Mahan, alikuwa mchoraji. Mumewe, James, alikuwa mwanasheria.

Novemba 1924 wawili hao waligundua kwamba kampuni ya Pacific Lumber imeanza kukata miti Dyerville, mahali ambapo watetezi walikuwa wakitafuta njia ya kupanunua. Laura alibaki msituni, mbele ya wakataji. James alikimbilia Eureka, safari ya kilomita zipatazo 70, kupiga mbiu na kutafuta msaada wa sheria. Habari ilienea, kelele zikapanda, na shoka zikasimama.

Kuununua msitu kulichukua miaka mingine. John D. Rockefeller Mdogo alifika kujionea mwaka 1926, akatoa jumla ya dola milioni mbili. Serikali ya jimbo nayo ikachangia. Mwaka 1931 ununuzi ulikamilika. Takriban ekari 10,000 kando ya kijito cha Bull Creek na jirani yake sasa ni eneo kubwa kuliko yote lililobaki la redwood ambazo hazijakatwa.

Hata hivyo, waliokoa bonde wakaacha milima. Miteremko ya juu ya kijito ilikatwa miti baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mafuriko ya Desemba 1955 yakashuka na udongo na magogo, yakaangusha mamia ya miti mikubwa bondeni. Mizizi ya redwood haiendi chini sana. Kingo zikimomonyoka, mti hauna pa kushika. Ndipo kazi ya kununua miteremko ile ilipoanza.

Hesabu nyingine ilichelewa zaidi. Wasinkyone, wenyeji wa nchi hiyo, walifukuzwa na kuuawa katika karne ya 19 kabla ya chama chochote cha kutetea miti kuzaliwa. Mwaka 2022 Save the Redwoods League iliwakabidhi ekari 523 za pwani wazawa wa makabila 10 yaliyojiunga katika baraza la Sinkyone. Eneo hilo sasa linaitwa Tc’ih-Léh-Dûñ.

Huko Dyerville, sehemu ya msitu iliyookolewa imepewa jina la waasisi, yaani wale mabwana watatu. Laura na James wana kibao chao kando ya njia. Karibu na hapo umelala Dyerville Giant, mti wenye urefu wa zaidi ya mita 100, ulioanguka bila kukatwa Machi 1991. Haukupasuliwa mbao. Umeachwa ulipoangukia, na makangaga yanaota juu ya mgongo wake.