Darubini ya Macho Mawili, na Sababu ya Bei Yake

Kama kawaida tunawaomba walio katika vikundi wakae karibu na redio, na mwandishi wa kikundi awe na kalamu tayari, maana jioni ya leo kutakuwa na hesabu kidogo.

Kikundi kimoja cha masomo ya watu wazima kimetuletea swali. Wanachama wake huenda msituni kila mwezi kutazama ndege, na baadhi yao wanajifunza kazi ya kuongoza wageni. Wamechanga fedha mwaka mzima, na sasa hawapatani. Wengine wanataka kununua darubini nne za bei nafuu, ili zamu ya kila mtu ifike upesi. Wengine wanataka moja tu, lakini iliyo bora. Wanauliza: je, tofauti ya bei ni ya kweli, au tunalipia jina tu? Jibu limo katika historia ya chombo chenyewe, basi tuanze huko.

Mwaka 1608, katika mji wa Middelburg nchini Uholanzi, alikuwako fundi wa miwani jina lake Hans Lippershey. Alitia vioo viwili katika bomba, kimoja kimevimba katikati na kingine kimebonyea, na vitu vya mbali vikaonekana kama vimesogea. Mwezi wa Oktoba akapeleka chombo hicho kwa wakuu wa nchi, akiomba hati ya kuwazuia wengine wasikitengeneze. Waholanzi siku zile walikuwa na vita na Wahispania, na wakuu wale waliona mara moja faida ya kumwona adui kabla yeye hajakuona. Walikuwa na neno moja tu: kufumba jicho moja kunachosha, je, fundi aweza kutengeneza cha kutazamia kwa macho yote mawili? Lippershey akafanya kazi hiyo, na kabla ya mwaka kwisha wakakipima na kukisifu. Hati hawakumpa, kwa kuwa mafundi wengine nao walikwisha kuijua siri, lakini walimlipa guldeni 900 kwa jumla, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Kwa hiyo darubini ya macho mawili ina umri karibu sawa na ile ya jicho moja, ingawa watu wengi hudhani ni jambo la juzi.

Mbona basi haikuenea upesi? Kwa sababu bomba mbili ni kazi zaidi ya mara mbili. Lazima zielekee mahali pamoja kabisa. Zikipishana hata kidogo, kila jicho huona picha yake, na ubongo hujitahidi kuziunganisha mpaka unachoka. Jambo hili mimi nililijua kwa kichwa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua darubini kwa bei ya kutupa, yenye vioo vyekundu vya kupendeza. Nikaenda nayo ziwani kutazama heroe. Saa nne asubuhi kichwa kilikuwa kinagonga, na saa sita nilikuwa nimelala chini ya mti, na heroe wako palepale. Muuzaji alikuwa amenieleza mengi kuhusu ule wekundu, lakini habari ya bomba kupishana hakuitaja.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1611 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, alieleza namna nyingine: vioo viwili vyote viwe vimevimba. Mahali panapoonekana pakawa papana zaidi, lakini sura ya kitu ikapinduka, miguu juu na kichwa chini. Kwa mtazama nyota si kitu, maana nyota haina miguu. Kwa nahodha au mwindaji ni taabu. Baadhi ya waliotaka sura iliyosimama walibaki na namna ya Lippershey, ambayo katika darubini ya mkononi hukuza mara tatu au nne tu. Hizo ndizo darubini ndogo ambazo katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya walikwenda nazo kwenye michezo ya kuigiza.

Mwaka 1854 Mwitalia Ignazio Porro alipata njia ya kuusimamisha upya mfano uliopinduka. Alitumia vipande vya kioo vyenye pembe tatu, ambavyo mafundi huviita prizimu. Nuru ikiingia ndani yake hugonga ukuta na kurudi, ikageuka na kugeuka tena, mpaka kichwa kikarudi juu. Tena kwa kuwa safari ya nuru imekunjwa, bomba lenyewe huwa fupi. Akili ilikuwa nzuri, ila kioo cha wakati ule kilikuwa na mapovu na mawimbi, na nuru ikipita katika kioo kinene kama kile, sura huharibika. Ikabidi kungoja kioo.

Kioo kilitoka Jena, Ujerumani. Huko Carl Zeiss alikuwa na karakana ya hadubini, naye alimshirikisha mwalimu wa chuo kikuu, Ernst Abbe. Mwaka 1884 wao wawili, pamoja na mkemia Otto Schott, walianzisha kiwanda cha kuyeyusha vioo vya aina mpya kwa kufuata vipimo na hesabu, si kwa kubahatisha. Mwaka 1894 karakana ikaanza kuuza darubini za macho mawili zenye prizimu. Zeiss mwenyewe hakuziona, alikuwa amekufa mwaka 1888. Abbe, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, alifanya pia jambo ambalo mimi nalisifu sawa na vioo vyake: mwaka 1900 aliwapa wafanyakazi wa Jena siku ya kazi ya saa nane.

Darubini hizo zilikuwa muhimu hata zikawa silaha. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya kwanza mwaka 1917, jeshi lake la majini halikuwa na darubini za kutosha. Franklin D. Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais baadaye, alikuwa naibu wa waziri wa jeshi hilo, naye aliwaomba raia waazime zao. Kila mwenye kuazima alilipwa dola 1, ili sheria itimizwe.

Na ndege je? Hapa ndipo chombo hiki kilipobadili mwenendo wa watu. Katika karne ya 19 mtaalamu wa ndege alikwenda na bunduki. Alimpiga ndege, akamchuna, akamtia pamba, kisha akamtambua mezani. Mwaka 1889 Mmarekani mmoja, Florence Merriam, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kuwatambua ndege walio hai kwa kutumia ile darubini ndogo ya michezo ya kuigiza. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson akatoa kitabu chenye picha zinazoonyesha alama za kila ndege zinazoonekana kwa mbali. Darubini ikashika nafasi ya bunduki, na utaalamu ukafika mikononi mwa mwalimu wa shule, mkulima na karani. Hata hivyo si kila kitu huonekana kwa darubini. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, wataalamu waliokuwa kambini waliona miguu ya ajabu ndani ya chungu cha kitoweo. Ilikuwa ya kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamjua.

Sasa ile hesabu. Kila nuru inapoingia au kutoka katika kioo kitupu, karibu sehemu 5 katika 100 hurudi nyuma na kupotea. Darubini yenye nyuso kumi za namna hiyo hufikisha machoni kama sehemu 60 tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyefanya kazi kwa Zeiss, alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba unaozuia upotevu huo, na Wajerumani wakaifanya siri ya kijeshi. Leo darubini bora hufikisha sehemu 90 au kupita. Tofauti hiyo huiona mapambazuko, wakati ndege wanapoimba na jua halijatoka. Chozi aliye kivulini huwa mweusi tu katika darubini duni. Katika iliyo bora shingo yake yang'aa kijani.

Darubini nyingi za leo zina bomba zilizonyooka. Prizimu zake ni za namna nyingine, inayogawa nuru sehemu mbili na kuiunganisha tena, na muungano huo hufifiza sura. Dawa yake, utando mwingine juu ya prizimu, ilitolewa na Zeiss mwaka 1988. Kazi hiyo ni ghali. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anunue ile yenye mabega mapana, ya Porro, isiyohitaji dawa hiyo.

Mtaona imeandikwa 8x42. Hukuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Gawanyeni 42 kwa 8: mtapata 5 na robo, ndio upana wa nuru inayofika kwenye mboni. Ile ya 10x42 hutoa 4 na kidogo, tena hukuza na mtetemeko wa mkono. Kwa msituni nachagua 8.

Nawajibu basi wenzetu: nunueni moja, iliyozibwa maji yasiingie na kujazwa gesi ya naitrojeni, la sivyo mvua za masika zitaotesha ukungu ndani ya vioo. Kabla ya kulipa, tazameni ukingo wa paa la mbali. Ukionekana mara mbili, irudisheni. Halafu ishikeni mbali na uso: duara la nuru liwe mviringo kamili.

Na kwa kuwa mtaishiriki, jueni kwamba macho ya watu hayafanani. Funika bomba la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funika la kushoto, uzungushe pete ya jicho la kulia tu. Pete hiyo ina alama. Kila mwanachama aandike yake katika daftari la kikundi, airudishe zamu yake ifikapo. Kwaherini.