Kiungo asiye na haraka aliyejenga ukuta wa Highbury

Aprili 1965, Chelsea walikuwa bado kwenye mbio za ubingwa wa Uingereza. Kocha wao, Mskoti Tommy Docherty, aliwapeleka wachezaji kambini Blackpool, mji wa starehe kaskazini-magharibi mwa nchi, akawapangia na saa ya kulala. Wanane wakatoka usiku kwenda kujirusha. Docherty hakubembeleza mtu: aliwarudisha London wote wanane, wakiwemo nyota wake, akaingia uwanjani kuwakabili Burnley na waliobaki, akapigwa 6-2. Ndoto ya ubingwa ikaishia hapo. Miongoni mwa waliorudishwa alikuwamo kijana wa miaka 20 kutoka Lanarkshire, George Graham. Mtu huyohuyo, alipokabidhiwa Arsenal mwaka 1986, aliwataka wachezaji wake wavae koti la klabu na tai siku ya mechi, wafike kwa wakati na wasimbishie. Chinichini wakampachika jina la Gaddafi.

Mashabiki wengi wa Arsenal wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waliipenda timu hiyo enzi za kocha Arsène Wenger, mechi za Uingereza zilipokuwa zinaingia kwenye vibanda na baa kila Jumamosi, kwa hiyo Graham kwao ni jina la historia tu. Wanaomkumbuka nao humkumbuka kwa jambo moja: bao moja, mabeki wanne, mpira wa kuchosha. Hukumu hiyo imemfanya aonekane fumbo, kwa sababu Graham mchezaji hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa kiungo mwenye akili ya pasi, jicho la bao na miguu mizito, aliyecheza kana kwamba yuko matembezini jioni, na ndiyo maana wenzake walimwita Stroller. Inakuwaje mtu wa namna hiyo awe mjenzi wa ukuta mgumu kuliko wote katika soka ya Uingereza ya wakati wake? Jibu la haraka ni kwamba alibadilika, kama mlevi aliyeacha pombe akageuka mhubiri. Sikubaliani nalo. Ukiifuata kazi yake hatua kwa hatua, utaona kocha huyu hakumkana yule mchezaji. Alikuwa anajenga kile ambacho mchezaji wa aina yake hawezi kuishi bila hicho.

Tuanze na mchezaji. Aston Villa walimchukua akiwa kijana, Chelsea wakamnunua mwaka 1964 kwa bei ya kutupa, na mwaka 1966 akahamia Arsenal kama mshambuliaji. Katika misimu yake miwili ya kwanza Highbury, uwanja wa Arsenal wa wakati huo, ndiye aliyeongoza kwa mabao, lakini kasi ya mshambuliaji wa kweli hakuwa nayo, na benchi la ufundi likamrudisha nyuma kucheza kiungo. Huko ndiko alikostawi. Msimu wa 1970/71 Arsenal walitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja, na kwenye fainali ya Wembley dhidi ya Liverpool Graham akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Bao la kusawazisha siku hiyo lina kisa chake. Mpira uliopigwa na Eddie Kelly ulipita karibu na mguu wa Graham, naye akakimbia mikono juu akishangilia kama mfungaji. Picha za televisheni baadaye zikaonyesha hakuugusa, na bao likabaki la Kelly. Tabia ya mtu imo humo yote: yupo mahali panapostahili, kwa wakati unaostahili, bila kutoka jasho jingi.

Swali ambalo huwa haliulizwi ni nani aliyekuwa akitoka jasho hilo kwa niaba yake. Timu ile iliruhusu mabao 29 tu katika mechi 42 za ligi. Nyuma alikuwepo nahodha Frank McLintock, Mskoti mwingine aliyetolewa kwenye kiungo akawekwa beki wa kati. Mbele yake Peter Storey, mkata umeme ambaye washambuliaji wa enzi hizo hawakupenda kukutana naye. Golini Bob Wilson. Mchezaji anayetembea uwanjani anaweza kutembea pale tu ambapo wenzake wanajua hasa wasimame wapi. Akipoteza mpira na nyuma yake pakiwa vurugu, umaridadi wake unageuka uzembe, na jukwaa zima linaona. Graham aliliona hilo kwa macho yake alipouzwa Manchester United mwishoni mwa 1972, akiwa tena chini ya Docherty. Ilikuwa timu iliyokuwa inabomoka, na mwaka 1974 ikashuka daraja. Kipaji cha Graham hakikuwa kimeondoka. Kilichokosekana ni kila kitu kilichokuwa kikimzunguka Highbury, na bila hicho alionekana mchezaji wa kawaida.

Wapo wanaotafuta maelezo mbali zaidi, kwenye ardhi yenyewe. Lanarkshire, ukanda wa makaa ya mawe na chuma, ndiko walikozaliwa Matt Busby na Jock Stein, na Bill Shankly alitoka kwenye kijiji cha wachimbaji katika jimbo jirani la Ayrshire. Kwa maelezo hayo, Graham, aliyezaliwa Bargeddie mwaka 1944 akiwa wa mwisho kati ya watoto saba na kufiwa na baba kwa kifua kikuu akiwa mchanga, alirithi nidhamu ya mgodini. Hadithi tamu, lakini Blackpool inaikataa. Nidhamu ya kurithi isingengoja mpaka mtu afike miaka arobaini ndipo ijitokeze. Isitoshe, Busby na Stein walisifika kwa timu zilizoshambulia. Kama udongo ni uleule, mbona mazao ni tofauti?

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la Don Howe. Huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa uwanjani wa Arsenal ya 1971, na mbinu nyingi za Graham zilikuwa zake: mstari wa mabeki unaopanda pamoja, kumbana mwenye mpira mapema, kutompa mpinzani nafasi ya kugeuka. Basi Graham ni mwanafunzi aliyekariri vizuri, wanasema, na maisha yake ya uchezaji hayahusiki. Ila Howe mwenyewe aliifundisha Arsenal kama kocha mkuu kuanzia mwisho wa 1983 hadi Machi 1986, akiwa na elimu ileile, na hakupata kombe hata moja. Elimu peke yake haikutosha. Alichoongeza Graham ni ujasiri wa kuanza upya na watu wasio na majina, na hilo alilijaribu kwanza Millwall, klabu aliyoikuta mkiani mwa daraja la tatu Desemba 1982, akainusuru isishuke, kisha mwaka 1985 akaipandisha daraja la pili.

Highbury alipunguza mastaa na kwenda sokoni kutafuta mabeki ambao klabu nyingine kubwa hazikuwa zikiwapigania. Nigel Winterburn alitoka Wimbledon, Lee Dixon na Steve Bould wote wawili wakatoka Stoke City, iliyokuwa daraja la pili. Wa nne, Tony Adams, alikuzwa palepale klabuni, na Graham akampa unahodha akiwa na miaka 21. Mazoezi yao yamesimuliwa mara nyingi na wachezaji wenyewe: wanne hao wakishikishwa kamba moja, mmoja akisogea wote wasogee, mmoja akipanda wote wapande. Siku baada ya siku, zoezi lilelile, mpaka kamba ikawa haina kazi tena. Mshambuliaji aliyekuwa akidhani ametoroka aligeuka na kumkuta mshika kibendera ameinua mkono, na mabeki wanne nao wameinua mikono.

Usiku wa 26 Mei 1989 ndio ushahidi mkubwa wa nilichosema. Mechi ya Liverpool na Arsenal ilikuwa imeahirishwa baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough yaliyoua mashabiki wa Liverpool, ikawa ya mwisho wa msimu. Arsenal walihitaji kushinda Anfield, nyumbani kwa Liverpool, kwa tofauti ya mabao mawili. Kocha yeyote mwenye presha angepanga washambuliaji. Graham aliongeza beki: David O'Leary akaungana na Adams na Bould katikati, na wachezaji wakaambiwa kwamba sare ya 0-0 hadi mapumziko itakuwa matokeo mazuri. Dakika ya 52 Alan Smith akaparaza kwa kichwa faulo ya Winterburn, na muda wa kawaida ulipokwisha, Dixon akapiga mpira mrefu kwa Smith, Smith akamtengea Michael Thomas, kiungo aliyepanda kutoka nyuma kwa kasi, mpira ukamgonga beki ukamrudia, akafunga. Timu zikalingana kwa pointi 76 na kwa tofauti ya mabao, 37 kila upande. Arsenal wakawa mabingwa kwa sababu walikuwa wamefunga mengi zaidi, 73 dhidi ya 65.

Hiyo 73 inafaa isomwe mara mbili na kila anayeimba wimbo wa bao moja. Msimu wa 1990/91 Arsenal walichukua tena ubingwa wakipoteza mechi moja tu kati ya 38, wakaruhusu mabao 18, na hapo walikuwa wamekatwa pointi mbili kwa ugomvi wa wachezaji Old Trafford, uwanja wa Manchester United, na nahodha wao Adams alifungwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Walifunga 74. Msimu uliofuata, mshambuliaji Ian Wright akiwa ameongezwa, wakafunga 81. Utaratibu wa nyuma ulikuwa unawafungulia watu kama David Rocastle, Paul Merson na Msweden Anders Limpar njia ya kucheza bila hofu, sawasawa na Storey na McLintock walivyomfungulia Graham.

Hata hivyo kuna sehemu ambayo wakosoaji wana haki, na hoja yangu haiwezi kuikwepa. Mwaka 1991 Benfica walikuja Highbury na kuitoa Arsenal kwenye Kombe la Ulaya kwa kushinda 3-1, na baada ya hapo Graham akaanza kuipenda kamba kuliko wachezaji waliokuwa wakinufaika nayo. Rocastle, kipenzi cha jukwaa, aliuzwa Leeds mwaka 1992. Aliyekuja kiungoni ni Mdenmaki John Jensen, ambaye alikaa misimu miwili na nusu kabla ya kufunga bao lake la kwanza, ambalo pia likawa la mwisho. Msimu wa 1992/93 Arsenal walifunga mabao 40 katika mechi 42, machache kuliko timu yoyote ya ligi hiyo, zikiwemo zilizoshuka. Kiungo wa zamani alikuwa amejenga timu ambayo mpira ulipita juu ya vichwa vya viungo. Makombe yaliendelea, mawili ya ndani mwaka 1993, kisha lile la Washindi Ulaya mwaka 1994 mjini Copenhagen, ambako Parma ya Zola, Brolin na Asprilla ilizimwa kwa bao moja la Smith na Wright hakuwepo kwa adhabu ya kadi. Kama kazi ya ulinzi, mechi ile ni ya kufundishia. Lakini Stroller angepangwa wapi katika kikosi kile? Sioni nafasi yake.

Fedha ndizo zilizommaliza. Ilibainika kwamba alipokea pauni 425,000 kutoka kwa wakala Rune Hauge, aliyehusika na usajili wa Jensen na Pål Lydersen. Graham alisema ilikuwa zawadi ambayo hakuiomba, akairudisha kwa klabu pamoja na riba. Arsenal walimfukuza Februari 1995 na Chama cha Soka kikamfungia mwaka mmoja. Wapo wanaotaka doa hilo lifute kila kitu. Linafuta sifa ya mtu, nami sina la kumtetea. Ila halielezi lolote kuhusu jinsi mabeki wanne wanavyopanda pamoja.

Kilichobaki Highbury kilimkuta Wenger mwaka 1996: kipa David Seaman, Dixon, Adams, Bould, Winterburn, na Martin Keown, ambaye Graham alimwuza akiwa kijana na kumnunua tena kwa pauni milioni mbili. Mei 1998, Arsenal wakiichapa Everton 4-0 na kujihakikishia ubingwa, bao la nne lilitokana na Bould kuudokoa mpira juu ya mabeki, na Adams kuufuata na kuupiga kwa mguu wa kushoto. Beki wa kati kwa beki wa kati, kazi ya viungo. Nidhamu ilikuwa ya Graham. Ruhusa ya kuivuka ilitoka kwa mwingine.

Alikokwenda baadaye, mpangilio ulikuwa uleule. Leeds walifunga mabao 28 tu katika msimu wake wa kwanza. Wa pili wakafunga 57 na kumaliza nafasi ya tano. Tottenham walimchukua Oktoba 1998, na watu wakamhurumia David Ginola, winga Mfaransa wa madoido, kwamba sasa amekwisha. Msimu huohuo Ginola alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka na wachezaji wenzake na pia na waandishi, na Tottenham wakatwaa Kombe la Ligi. Mashabiki wa Tottenham hawakumkubali kamwe mtu wa Arsenal. Machi 2001 wamiliki wapya wakamtimua, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Arsenal. Tottenham walifungwa 2-1, na Graham hakufundisha timu nyingine tena.