Lakabu na Kazi: Historia ya Misimu ya Saibapanki Miongoni mwa Wahandisi Vijana

Wapo wahandisi vijana wa kompyuta ambao wasifu wao wa kazi haufanani na ule unaofundishwa shuleni. Anayelinda mitandao hujiita netirana, jina la wapenyaji wa mitandao katika mchezo wa Cyberpunk 2077. Lugha za programu anazozimudu huziita vipandikizi vya mwilini, waajiri wake wa zamani ni mashirika makubwa ya jiji la giza, na miradi yake ni misheni alizotumwa usiku. Msomaji wa kawaida huona utoto, na meneja wa ajira huona mtu asiyejua adabu za ofisini. Hukumu hiyo inasahau kwamba misimu hii ya saibapanki ina nasaba. Tukiifuata nasaba hiyo tangu miaka ya 1950 tunakuta kanuni moja inayojirudia: lakabu na maneno ya kikundi vilikuwa heshima iliyolipiwa kwa kazi iliyowekwa hadharani, wengine waikague. Kwa hiyo swali la maana kuhusu wasifu wa namna hii ni kama kazi iliyoahidiwa na maneno hayo ipo.

Nasaba hiyo inaanzia kwenye chuo cha MIT, nchini Marekani, ndani ya klabu ya wanafunzi waliojenga reli za kuchezea. Kilichowavuta baadhi yao kilikuwa nyaya na swichi zilizofichwa chini ya meza, kuliko mabehewa yaliyokuwa juu yake. Mwaka 1959 mmoja wao, Peter Samson, alikusanya kamusi fupi ya maneno ambayo wenzake walikuwa wakiyatumia. Kompyuta ya PDP-1 ilipofika chuoni mwaka 1961, vijana hao waliihamia, na mwaka 1962 Steve Russell na wenzake wakaikamilisha Spacewar, mmoja wa michezo ya kwanza ya kompyuta. Programu zao zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi na kuachwa kwenye droo karibu na mashine, ambako yeyote aliweza kuuchukua utepe, kuusoma na kuuboresha. Hadhi ya mtu ilitokana na alichokiweka katika droo ile, hata kama darasani alikuwa akifeli. Mwaka 1975 Raphael Finkel wa chuo cha Stanford alianzisha orodha nyingine ya misimu ya wadukuzi, yaani mafundi wa kompyuta wa aina hiyo, iliyokua kwa michango ya watu wa vyuo kadhaa hadi ikachapishwa kama kitabu mwaka 1983. Mfuatano huu una maana: kazi ilitangulia, maneno yakafuata, na kamusi ikaja mwisho.

Mpinzani atasema hiyo ni misimu ya wadukuzi, ilhali saibapanki ni hadithi za kubuni. Ni kweli kwamba jina lenyewe lilitoka katika fasihi: Bruce Bethke alichapisha hadithi fupi yenye jina hilo mwaka 1983, na mwaka uliofuata William Gibson akatoa riwaya ya Neuromancer. Ni kweli pia kwamba Gibson aliiandika riwaya hiyo kwa taipureta, akiwa hana ujuzi mkubwa wa kompyuta. Lakini hoja hii inathibitisha kinyume cha inachokusudia. Vijana waliompokea Gibson walikuwa tayari wana maisha yanayofanana na aliyoyabuni. Tangu mwaka 1978, Ward Christensen na Randy Suess walipofungua ubao wa kwanza wa matangazo ya kompyuta huko Chicago, vijana wenye modemu walikuwa wakikutana kwa njia ya simu, wakijuana kwa lakabu na kupimana kwa walichojua kufanya. Walichokosa ni masimulizi ya kuwaeleza wao ni nani. Case, mhusika mkuu wa Neuromancer, ni fundi wa kukodiwa asiye na ofisi wala cheo. Mtaji wake ni ustadi, na waajiri aliowaibia walipotaka kumwadhibu waliuharibu mfumo wa neva uliomwezesha kuingia mtandaoni. Kwa kijana asiye na shahada, hiyo ilikuwa picha ya soko la kazi.

Picha hiyo ilipata umbo la fomu mwaka 1988, Mike Pondsmith alipotoa mchezo wa mezani uitwao Cyberpunk. Katika michezo ya aina hii, iliyoenea tangu Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, kila mchezaji hujaza karatasi ya mhusika wake. Karatasi ya Pondsmith ilitaka wajibu wa mhusika, kama vile mpenyaji wa mitandao au fundi, kisha stadi zake zikiwa na alama zisizozidi 10, vifaa vyake, na njia ya maisha inayoeleza yaliyompata na waliomdhuru. Ukiiweka karatasi hiyo kando ya wasifu wa mhandisi, unaona sehemu zilezile: cheo, stadi, zana, historia ya kazi. Wasifu wa kazi haukuzaliwa na mchezo huo, kwani ni mkongwe kuliko kompyuta. Hata hivyo mfanano huo unaeleza kwa nini kijana aliyekulia katika michezo hii huona ni jambo la kawaida kujieleza hivyo. Unaeleza pia udhaifu wa wasifu wake. Mezani, alama 8 ya ustadi hupimwa mara moja kwa kutupa kete mbele ya wenzako. Kwenye wasifu, alama hiyohiyo hubaki neno la mwandishi mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba misimu hii imekuwa pazia la uhalifu. Baadhi ya vijana wa miaka ya 1980 waliingia kweli katika mifumo isiyo yao, na wengine wakafungwa. Lakini matukio ya mwaka 1990 yanaonyesha hatari ya kuhukumu maneno badala ya matendo. Tarehe 1 Machi mwaka huo maafisa wa Secret Service, idara ya serikali ya Marekani, walivamia kampuni ya michezo ya Steve Jackson mjini Austin na kuchukua kompyuta pamoja na muswada wa kitabu cha mchezo wa saibapanki. Mwandishi wake, Loyd Blankenship, alijulikana katika mbao za matangazo kwa lakabu ya The Mentor. Kampuni ilidai mahakamani, na mwaka 1993 jaji akaipa fidia iliyozidi dola 50,000. Mjini Chicago, Julai 1990, Craig Neidorf, mhariri wa jarida la wadukuzi la Phrack, alisimama kizimbani kwa kuchapisha waraka wa kampuni ya simu ambao kampuni hiyo iliuthamini kwa dola 79,449. Kesi ilianguka ilipobainika kwamba taarifa za namna hiyo ziliuzwa kwa umma kwa dola 13. Katika kesi zote mbili serikali ilitishwa na lugha, na ilipotakiwa kuonyesha kitendo chenye uzito uliodaiwa ikashindwa.

Miaka minane baadaye serikali hiyohiyo ilizisikiliza lakabu. Tarehe 19 Mei 1998 vijana saba wa kikundi cha L0pht cha Boston walikaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, vibao vyao vya majina vikiwa na lakabu kama Mudge na Space Rogue, wakaeleza kwamba wangeweza kuiangusha intaneti kwa dakika 30. Maseneta hawakuwaita kwa sababu ya lugha yao. Waliwaita kwa sababu kikundi hicho kilikuwa kimetumia miaka kadhaa kutangaza kasoro za programu kwa maelezo ambayo yeyote angeweza kuyahakiki. Finlandi inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Kikundi cha Future Crew, ambacho wanachama wake walijulikana kwa lakabu, kilionyesha kazi yake ya Second Reality, onyesho la picha na muziki linaloendeshwa na kompyuta, mwaka 1993 mbele ya umati wa wenzao, na mwaka 1995 baadhi yao wakaanzisha Remedy, kampuni ya michezo ya kompyuta. Mwaka 2020 nchi hiyo iliingiza sanaa ya vikundi hivyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni.

Limebaki pingamizi ambalo halina budi kukubaliwa kwa sehemu. Misimu hufungia watu nje. Msichana ambaye hakukaribishwa kwenye meza za mchezo, au kijana aliyejifunza programu kwa simu bila kusoma riwaya hata moja ya Kimarekani, anaweza kuwa fundi hodari na bado asiielewe lugha hiyo. Tena tangu Cyberpunk 2077 itoke Desemba 2020 na kuuzwa kwa mamilioni, maneno yaliyokuwa alama ya waliofanya kazi pamoja yanapatikana na yeyote mwenye bei ya mchezo. Hapo ndipo desturi imegeuka: zamani neno lilikuja baada ya kazi, leo linaweza kuja bila kazi. Hilo si sababu ya kuitupa misimu, maana lugha rasmi ya wasifu nayo haijawahi kuzuia uongo. Anayejiandika mtaalamu mwenye uzoefu mpana na anayejiandika netirana wametoa madai yenye uzito uleule. Tofauti ni kwamba desturi ya wadukuzi ilibeba pia njia ya kumkagua mdai, na tangu mwaka 2008 hazina za msimbo kama GitHub zimeirahisisha njia hiyo kuliko wakati wowote. Mwajiri anayekataa wasifu kwa sababu ya lakabu anarudia kosa la maafisa wa Austin, na anayeajiri kwa sababu ya lakabu amelipa kabla ya kukagua. Kijana naye ana haki ya kuchagua jina lolote, mradi chini ya kila misheni aliyoiandika aweke msimbo ambao mgeni anaweza kuufungua, kuuendesha na kuukosoa.