Nyimbo zinazotambuliwa na kila sikio, na mkono wa Mombasa ndani yake

Iwapo upo wimbo wa Kiswahili ambao Mjerumani, Mjapani na Mmarekani huutambua kabla mwimbaji hajamaliza mshororo wa kwanza, basi ni “Jambo Bwana”. Wimbo huo ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison na kurekodiwa mwaka 1982 na bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzishwa na ndugu wa familia moja katika eneo la Mombasa. Bendi hiyo ilianza mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, ikabadili jina mwaka 1972, na kwa miaka mingi ilijipatia riziki kwa kuwatumbuiza watalii katika hoteli za pwani kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1987.

Siri ya kutambulika kwake haimo katika ufundi mkubwa. Wimbo umejengwa juu ya salamu na jibu lake, maneno machache yanayorudiwa, kwa lahani ambayo mgeni huishika jioni ya kwanza na kuondoka nayo uwanja wa ndege. Mwaka mmoja tu baada ya kurekodiwa, kundi la Boney M lenye makao yake Ujerumani liliutoa upya kwa mtindo wake. Wakafuata wengine, likiwamo kundi la Safari Sound Band, na kila toleo lilimsogeza mtunzi hatua moja mbali na sikio la msikilizaji.

Inafaa kusemwa kwamba katika vichochoro vya Mji wa Kale hakuna mzee anayesalimiwa kwa “jambo” tupu. Huko watu huamkiana kwa sabalkheri na masalkheri, au huulizana “hujambo?” na kujibiwa “sijambo”. “Jambo” lililokatwa kichwa ni Kiswahili cha kuzungumza na wageni. “Hakuna matata” nayo, ingawa sarufi yake haina kasoro, si kauli ya kila siku ya Mmvita, ambaye angesema hakuna taabu.

Hata hivyo, ni kauli hiyo iliyopata bahati ya kuingia katika sinema. Filamu ya The Lion King ya kampuni ya Disney, iliyotoka mwaka 1994, iliifanya kuwa jina la wimbo uliotungwa na Elton John kwa maneno ya Tim Rice, na ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Watoto wasiojua Kiswahili kiko upande gani wa dunia wakaanza kukitamka, pamoja na majina simba, rafiki na shenzi.

Mwaka huohuo wa 1994 Disney iliomba nchini Marekani kusajili maneno hayo kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Jambo hilo lilizua hasira kubwa mwishoni mwa mwaka 2018, pale ombi la kutaka usajili ufutwe lilipotiwa sahihi na zaidi ya watu 100,000. Wengi walidhani Mswahili atatozwa pesa kwa kusema. Sivyo. Alama ya biashara humzuia mfanyabiashara mwingine kuuza bidhaa za aina ileile kwa maneno yaleyale katika nchi iliposajiliwa. Haimnyimi mtu lugha yake. Lakini kinyongo kilikuwa na msingi, kwa maana fulana ni bidhaa, na maneno yaliyoipa thamani hayakuanzia California.

Kisa cha “Malaika” ni kigumu zaidi. Fadhili William, Mtaita, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ndiye anayetajwa zaidi kuwa mtunzi. Adam Salim naye alidai kuwa aliutunga katika miaka ya 1940. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaufikisha kwa hadhira ya Marekani, na Boney M, haohao, wakautoa mwaka 1981. Fadhili William alifariki dunia Nairobi mwaka 2001. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Kwa hiyo, kama yeye ndiye mtunzi, ulinzi utadumu hadi mwisho wa mwaka 2051. Hilo “kama” ndilo lenye pesa ndani yake.

Kisiwani Mombasa kwenyewe, utambuzi wa muziki ulikuwa na njia nyingine kabisa, nayo ilipitia katika majumba ya sinema. Filamu za Kihindi kama Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 ziliwaliza wenyeji ambao hawakujua Kihindi. Ilipokuja Sholay ya mwaka 1975, mazungumzo yake yalipendwa kiasi kwamba kampuni ya Polydor iliyatoa kwenye santuri, na swali la jambazi Gabbar Singh, la kuwauliza wafuasi wake walikabiliwa na watu wangapi, likawa la kuigizwa mitaani.

Mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki dunia mwaka 2014, alizichukua lahani za filamu hizo na kuzivika tungo za Kiswahili, nyingi zikiwa za jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Msikilizaji arusini aliitambua lahani tangu mlio wa kwanza, kisha akatega sikio kusubiri maneno, kwa kuwa humo ndimo mlimokuwa na mafumbo, na pengine jina lake mwenyewe limefichwa. Zuhura Swaleh na Maulidi Juma walikuwa na ladha zao, naye Zuhura akasindikizwa na taishokoto, ala ya Kijapani iliyopata uraia Mombasa.

Si haki kuilaumu Disney na kulinyamazia hili: lahani zile zilikuwa na wenyewe huko Bombay. Tofauti ni kwamba Bhalo hakuzisajili kwa jina lake, na hadhira yake ilijua fika zilikotoka. Yeye pia alikuja kuonja dawa hiyo. Kanda zake zilinakiliwa kutoka mkono hadi mkono, kisha zikanakiliwa tena kwenye sidii, na aghalabu mnunuzi hakuona kwenye jalada jina la malenga aliyetunga maneno hayo.